Anga ya Ikweta kama Darasa: Kufundisha Mwendo wa Jua, Mwezi na Nyota Bomet

Mada kwa semina ya walimu wa sayansi wa shule za msingi na sekondari msingi

1. Utangulizi



Vitabu vingi vya elimu ya nyota viliandikwa kwa wasomaji wa kaskazini ya mbali, na michoro yake ni ya anga ya huko. Mwanafunzi husoma kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini, kwamba mchana hurefuka na kufupika kwa saa nyingi, na kwamba Nyota ya Kaskazini haizami kamwe. Akitoka nje hapa kwetu, hayo hayaoni. Hukariri ili apite mtihani, kisha husahau.

Hoja yangu ni hii: mji wa Bomet uko takriban digrii 0.8 kusini mwa Ikweta, na mahali kama hapa mwendo wa anga huonekana katika umbo lake jepesi kabisa. Tuanzie kwenye anga tunayoiona, ndipo tumpeleke mwanafunzi kwenye anga ya wengine.

2. Jua na kijiti

Kijiti cha mita moja kilichosimamishwa wima uwanjani kinatosha kwa masomo ya mwaka mzima. Wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila robo saa, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, nacho hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini.

Karibu na tarehe 21 Juni, kivuli hicho huelekea kusini, urefu wake kama sentimita 45. Karibu na 21 Desemba huelekea kaskazini, kama sentimita 42. Katikati, karibu na 18 Machi na 25 Septemba, jua hupita utosini na kivuli cha kijiti hutoweka. Aliyepima mwenyewe hatashindwa kuelewa maana ya mhimili wa Dunia kuinama kwa digrii 23.4. Ataelewa pia kwa nini mchana wetu ni takriban saa 12 na dakika 7 mwaka mzima, ilhali London hufika saa 16 na nusu mwezi Juni na kushuka chini ya saa 8 mwezi Desemba. Hapa, upeo wa macho hukata njia ya jua katikati, nusu juu na nusu chini.

Wataulizana: mbona adhuhuri haiji saa sita kamili? Saa za Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, mstari unaopita Somalia. Bomet iko kwenye digrii 35.3, na Dunia hutumia dakika 4 kugeuka digrii moja. Kwa hiyo adhuhuri yetu huangukia, kwa wastani, saa sita na dakika 39, ikisogea kwa takriban robo saa mbele au nyuma kadiri mwaka unavyokwenda. Kwa sababu hiyohiyo jua huchwa Mombasa kama dakika 17 kabla ya hapa. Muislamu wa Bomet akifuturu kwa adhana ya Mombasa anayoisikia redioni, amefungua kabla ya wakati.

3. Nyota

Dunia inapojizungusha, Bomet huenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na nyota huonekana kuchomoza wima na kuzama wima. Mapema Februari, kama saa tatu usiku, nyota tatu za mshipi wa Orioni hupita utosini petu. Kwa hesabu, utosi wa mji huu uko kati ya mbili kati yake. Mwezi Mei, saa hiyohiyo, mawingu yakitupisha, tunaona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, kila kundi likiwa kama theluthi ya njia kutoka upeoni hadi utosini. Wakazi wa London hawauoni Msalaba huo kamwe.

Kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana, yaani saa mbili mapema kila mwezi. Wazee walilitumia jambo hili kabla ya kalenda za ukutani. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa Wakipsigis wa hapa kwetu, aliandika kwamba walikitazama kikundi cha nyota cha Kilimia, wakikiita Koremerik, ili kujua kama mavuno yatakuwa mema. Watu wa pwani nao husema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Usemi huo una hesabu sahihi: mwezi Mei jua hupita karibu na Kilimia na kukificha, na katikati ya Juni huonekana tena alfajiri, masika yakiwa yanakwisha.

4. Mwezi na kupatwa

Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwezi mwandamo kwetu hulala kama mashua, ilhali vitabu huuchora umesimama. Njia yake imeinama digrii 5 hivi kutoka njia ya Dunia, ndiyo maana kupatwa hakutokei kila mwezi. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa dakika 82. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Luxor, Misri, na Kenya tutaona likipatwa kwa sehemu.

5. Mapendekezo

(a) Kila shule isimamishe kijiti na kutunza daftari la vivuli kwa mwaka mzima.

(b) Wanafunzi wawaulize wazee nyumbani kuhusu nyota na misimu, waandike, kisha walinganishe na wanachokiona.

(c) Vipindi vya usiku vifanyike kati ya Desemba na Februari, mvua zinapopungua, kwa idhini ya wazazi.

(d) Asiruhusiwe mtoto yeyote kulikodolea jua macho. Kwa mwaka 2027, maandalizi ya miwani maalumu au katoni zenye tundu yaanze sasa.

6. Hitimisho

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Jukwaa liliwekwa pale kwa sababu kasi ya Dunia karibu na Ikweta husaidia roketi. Wataalamu walikuja kutoka mbali kutafuta nafasi ambayo watoto wetu wamezaliwa ndani yake. Ni wajibu wetu kuwatoa nje ya darasa waitumie.