Dozi Isiyopimwa: Hatari za Kujitibu kwa Homoni Miongoni mwa Watu Wanaobadili Jinsia

Mada kwa semina ya wafamasia, maafisa wa kliniki na mafundi wa maabara

Waandaaji wamenitaka nianze na maana ya maneno, nami nitayapitia upesi kwa kuwa hakuna humu asiyeyajua. Homoni ni kemikali ambazo tezi za mwili humwaga kwenye damu ili kuongoza kazi za viungo vilivyo mbali. Watu wanaobadili jinsia ni wale ambao nafsi yao haikubaliani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, na baadhi yao hutumia estrojeni au testosteroni ili miili yao iwiane na nafsi. Kujitibu ni kutumia dawa hizo bila mtaalamu aliyechagua dawa, aliyepanga dozi na anayefuatilia matokeo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022 imeiondoa hali ya nafsi kutokubaliana na jinsia katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya ujinsia. Mada yangu inawahusu watu wazima tu. Suala la walio chini ya miaka 18 lina ubishi wake wa kitaalamu, na Uingereza yenyewe ilibadili utaratibu wake 2024. Mtoto akifika kwenye dirisha la dawa, apelekwe kwa daktari bingwa, asipewe chochote.

Baada ya hayo, niseme ninachokiamini. Estrojeni na testosteroni si dawa ngeni kwetu. Tunawapa wanawake waliokoma hedhi na wanaume ambao korodani zao hazitengenezi za kutosha, na madhara yake tunayajua. Zikichaguliwa vizuri na damu ikapimwa kwa wakati, hatari zake zinadhibitika. Anayejitibu huumizwa na mambo mawili: kutumia dawa isiyofaa kwa kuwa ndiyo pekee anayoweza kuipata, na kuongeza dozi bila kipimo chochote cha kumwonya. Yote mawili hupita mikononi mwetu, dirishani au maabara.

Wengi wetu hudhani kujitibu ni ukaidi. Ushahidi haukubaliani nasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014, uliofanywa kwa watu waliofika kliniki ya umma ya huduma za kubadili jinsia, ulikuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne wa wanawake waliobadili jinsia alikuwa ameshaanza homoni mwenyewe, na chanzo kikuu kilikuwa intaneti. Utafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba karibu robo ya watumiaji wa homoni walikuwa wamewahi kuzipata nje ya mfumo wa matibabu. Hizo ni nchi zenye kliniki, bima na madaktari bingwa. Ikiwa foleni ndefu na hofu ya kudharauliwa zinawasukuma watu wa huko kujitibu, tutarajie nini mahali ambapo kliniki yenyewe ni adimu na daktari anayekubali kusikiliza ni wa kutafutwa?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelipigania kwa miaka mingi na ambalo bado halijaingia katika mafunzo yetu: vidonge vya majira. Kwa mtu anayetafuta estrojeni na hana cheti cha daktari, hiyo ndiyo estrojeni iliyo karibu. Ni rahisi, haiulizwi sana, na anaweza kusema anamnunulia mke au dada. Kidonge cha kawaida cha mchanganyiko kina mikrogramu 30 za ethinilestradioli pamoja na levonojestreli. Kwa mwanamke anayepanga uzazi, kidonge kimoja kwa siku ni dawa nzuri, na sitaki mtu atoke humu akiwatia hofu wateja hao. Lakini anayejitibu hamezi kimoja. Haoni mabadiliko, anameza viwili, kisha vitatu au vinne. Vidonge vitatu ni mikrogramu 90, vinne ni 120. Kliniki ya Amsterdam, iliyokuwa miongoni mwa kliniki kubwa za huduma hii duniani, ilikuwa ikiwapa wagonjwa wake mikrogramu 100 za ethinilestradioli kwa siku. Mwaka 1989 madaktari wake walichapisha ripoti ya wagonjwa 303 waliotumia estrojeni, na ndani yake migando ya damu ilionekana mara 45 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa watu wa kawaida. Ripoti ya 2011 kutoka kliniki hiyohiyo, iliyofuatilia wanawake 966 waliobadili jinsia kwa miaka mingi, ilionyesha kwamba waliokuwa bado wanatumia ethinilestradioli walikabiliwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa mara tatu zaidi. Wenzetu wa Uholanzi waliona ushahidi wao wenyewe wakaiacha dawa hiyo, na mwongozo wa chama cha mabingwa wa homoni wa Marekani wa 2017 unakataza kuitumia kwa kazi hii. Kwa maneno mengine, dozi ambayo mabingwa waliikimbia ndiyo ambayo mtu wetu anajipangia chumbani, bila hata kujua kuwa kuna aliyewahi kuikimbia.

Sababu yake ni ya kikemia. Estradioli ya asili huvunjwa na ini kwa haraka. Ethinilestradioli imetengenezwa makusudi ili ini lishindwe kuivunja upesi, na ndiyo maana kiasi kidogo hutosha kuzuia mimba. Lakini kwa kukaa muda mrefu kwenye ini, hulisukuma kutengeneza protini nyingi za kugandisha damu. Estradioli inayopitia ngozini, kwa mfano ile ya kubandika, haipiti kwenye ini kwanza na hatari yake ni ndogo zaidi. Tukumbuke pia kwamba levonojestreli ina chembe ya tabia ya homoni ya kiume, kwa hiyo kuongeza vidonge ni kuongeza pia kitu kinachomrudisha nyuma. Na pakiti nyingi za vidonge 28 zina 21 vyenye homoni na saba vya madini ya chuma. Asiyeelezwa huvimeza vyote kwa imani ileile.

Kuna tatizo jingine ambalo hata baadhi ya madaktari hawalijui. Kipimo cha kawaida cha estradioli maabara hakiioni ethinilestradioli. Mtu anaweza kuwa anameza vidonge vinne kwa siku, akaenda maabara kwa fedha zake, akaletewa jibu kwamba estradioli yake ni ya chini mno. Mwenye busara yake, akisoma jibu hilo, ataongeza dozi. Hapo kipimo tulichokitegemea kimwokoe ndicho kinachomsukuma shimoni, na sisi tumetia muhuri. Jibu hilo halina kosa la kimaabara. Kosa liko katika ukimya: hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani, na fomu haina nafasi ya kuandika.

Madhara mengine nitayataja kwa ufupi, si kwa sababu ni madogo. Saiproteroni, inayozuia homoni za kiume, inaweza kuumiza ini, na 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliiwekea masharti mapya baada ya kuthibitika kwamba matumizi ya muda mrefu, hasa ya dozi kubwa, yanahusiana na uvimbe wa utando wa ubongo. Spironolaktoni hupandisha potasiamu, na kwa mwenye figo dhaifu potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Anayezuia homoni zake za kiume bila kupata estrojeni ya kutosha hudhoofisha mifupa yake polepole. Testosteroni huongeza chembe nyekundu. Sehemu ya chembe hizo ikizidi asilimia 54 ya damu, damu huwa nzito na lazima dozi ipunguzwe au isitishwe kwa muda. Testosteroni pia si kinga ya mimba hata hedhi ikikatika, na mimba ikitunga, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Sindano ya kuchangia, au chupa moja inayochomwa na wengi, ni njia ya VVU na homa ya ini.

Kifua kikuu nacho kinahitaji sentensi zake, kwa kuwa miongozo ya ng'ambo hukipita haraka na kwetu hakipitiki. Rifampisini huliamsha ini livunje estrojeni kwa kasi. Anayetumia homoni akianza dawa za TB, ataona athari ya homoni imefifia na ataongeza dozi. Miezi sita ikiisha, rifampisini itakoma, na baada ya wiki chache ini litarudi katika kasi yake ya zamani huku dozi kubwa ikiendelea. Muuguzi wa kliniki ya TB asipojua, mgonjwa anatoka amepona mapafu akiwa na hatari mpya ya mgando. Kwa upande wa VVU habari ni njema zaidi: dolutegraviri haina mgongano wa maana na estradioli, na jambo hilo lisemwe waziwazi, kwa kuwa wapo wanaoacha dawa za kufubaza virusi wakihofu zitaharibu homoni zao.

Najua mapingamizi yanayosubiri, na ninayaheshimu. La kwanza husema kwamba kumpima mtu anayejitibu ni kubariki anachofanya, na kwamba dini na mila za watu wetu hazikubaliani na kubadili jinsia. Mada hii haimtaki mtu yeyote abadili imani yake. Inauliza swali dogo zaidi: mteja aliye mbele yako amevimba shavu la mguu mmoja na anahema, utamfanyia nini? Tunampima ini mlevi bila kubariki pombe. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana na inakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Haikutaja nani asiyehusika. La pili ni kwamba watu hawa ni wachache na bajeti ni finyu. Lakini vipimo ninavyovisemea, yaani presha, ini, figo, potasiamu na hesabu ya chembe za damu, viko tayari katika maabara zetu nyingi, na mgando uliofika mapafuni ni ghali kuutibu kuliko vyote hivyo. La tatu ni kwamba ushahidi wa Amsterdam ni wa zamani na wa watu wa Ulaya. Ni kweli, na hatuwezi kuchukua namba zao kama zilivyo. Ila ini la mtu wa Likoni hapa kwetu huivunja ethinilestradioli kwa njia ileile, na mgonjwa wa Amsterdam alikuwa na daktari aliyemfuatilia ilhali wetu hana.

Pingamizi la nne hutoka kwa watumiaji wenyewe, nalo ndilo zito kwangu. Husema kwamba wamesoma, wanaijua dawa bora, na kwamba mfumo ukiwafungia mlango hawana budi kujisaidia. Nakubali kwamba maarifa yao mara nyingi yanazidi ya aliyekaa dirishani. Sikubali kwamba kusoma kunatosha. Mtu hawezi kuhisi potasiamu yake ikipanda, wala damu ikiwa nzito. Na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2017, takriban bidhaa moja kati ya kumi ya dawa katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Maarifa ya msomaji makini hayaoni kilicho ndani ya chupa.

Napendekeza basi yafuatayo, mengine nikiyarudia kwa kuwa yamewahi kupendekezwa yakalala kwenye faili. Mfamasia anayeona mteja ananunua pakiti kadhaa za vidonge vya majira kwa mwezi amuulize kwa faragha na kwa upole, bila kupaza sauti mbele ya foleni, na amweleze hatari ya ethinilestradioli. Asimfukuze, kwa kuwa aliyefukuzwa atakwenda duka la pili na hatauliza tena. Atakayekubali aandikiwe rufaa kwa daktari anayejulikana kuwa atampokea. Rufaa ya kwenda kwa mtu atakayemtukana si rufaa. Daktari aliyempokea aiondoe ethinilestradioli kwanza, kabla ya mjadala mwingine wowote, na palipo na sababu ya kitabibu aweke estradioli, hasa ya kupitia ngozini kwa mwenye umri mkubwa, mvutaji sigara au aliyewahi kuganda damu. Damu ipimwe kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka, kama miongozo inavyosema. Dalili za mgando, yaani mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma wakati wa kuvuta pumzi, zibandikwe mahali pa wazi katika kila duka la dawa, kwa manufaa ya wanawake wote wanaotumia vidonge.

Kliniki za TB na za VVU ziulize kuhusu homoni mwanzoni mwa dawa na tena mwishoni, hasa mwishoni. Sindano safi na sanduku la kutupia zitolewe bila masharti kwa anayejichoma. Kumbukumbu zilindwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa kuwa mtu akishaogopa jina lake litavuja hatafika hata akiumwa. Vyuo vyetu viweke somo hili ndani ya kipindi cha homoni kilichopo, saa mbili zinatosha kuanzia, na narudia, ethinilestradioli itajwe kwa jina. Bodi za taaluma zitoe waraka unaoeleza kwamba kumpima na kumshauri mtu huyu ni sehemu ya kazi, ili mfamasia kijana asiwaze peke yake kama atapoteza leseni. Na maabara, ambazo ndizo zilizonileta hapa, zichapishe upya fomu ya kipimo cha estradioli iwe na mstari mmoja wa dawa anazotumia mpimwa, na chini ya jibu iandikwe kwamba kipimo hiki hakionyeshi ethinilestradioli. Rasimu ya fomu hiyo nimeiambatisha nyuma ya mada, na naomba kikao cha mchana kiipitie kabla hatujatawanyika.