Damu Ina Habari za Moyo Wako
Msikilizaji, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Mapigo yanafuatana sawasawa, kama mchi kwenye kinu? Au yanakwenda ovyo, mara mbio, mara yanaruka?

Yakienda ovyo, huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likifika kwenye ubongo, huleta kiharusi. Na mtu anaweza asisikie maumivu yoyote kabla.

Ugonjwa huu wa mapigo ovyo huonekana kwa kipimo cha umeme wa moyo. Lakini damu nayo ina habari. Misuli ya moyo ikiumia, huvujisha protini iitwayo troponini. Moyo ukielemewa, hutoa homoni iitwayo BNP. Kwa mgonjwa wa mapigo ovyo, vitu hivi vikizidi kwenye damu, hatari ya kiharusi ni kubwa zaidi. Si kila hospitali ina vipimo hivi. Kuvikosa kusikucheleweshee matibabu.

Narudia: kipimo cha umeme wa moyo huonyesha ugonjwa, damu huonyesha ukubwa wa hatari.

Basi leo, hesabu mapigo dakika nzima. Yakienda ovyo, nenda kituo cha afya, omba kipimo cha umeme wa moyo. Kama umeandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, tafadhali, usiziache kwa kuwa unajisikia vizuri. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakigoma kutoka, wahi hospitali saa hiyo hiyo.