Ndege Ikianguka, Si Wote Wanakufa



Leo napenda kusema nanyi juu ya ajali ya ndege. Labda mtaniuliza: Mama, neno hili linaingia namna gani katika kitabu cha afya? Tumezoea kusoma hapa juu ya kuhara, malaria na chakula cha watoto. Lakini katika nchi yetu barabara nyingi zimekufa. Mtu wa Bunia akitaka kufika Kinshasa, atapanda nini kama si ndege? Na wale wasiopanda hata siku moja, wengi wamejenga karibu na kiwanja. Basi neno hili ni letu.

Nasikia watu wakisema, "Ndege ikianguka, ni kwisha." Si kweli. Tena ni neno baya, kwa sababu mtu akiliamini hafanyi kitu. Abiria anakaa kungoja kufa, na jirani anasimama mbali anatazama tu.

Sikieni hesabu. Kule Marekani, toka 1983 mpaka 2000, walichunguza ajali 568 za ndege za abiria. Ndani yake mlikuwa watu zaidi ya 53,000, na zaidi ya 51,000 walipona. Mtasema kwamba nyingi zilikuwa ajali ndogo. Ndiyo. Kwa hiyo wakatenga zile 26 zilizokuwa mbaya kabisa, zenye moto na ndege kuvunjika. Hata katika hizo, zaidi ya nusu ya watu walitoka wazima. Na kwetu? Siku ya 8 Julai 2011, Boeing 727 ilianguka Kisangani wakati wa mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa, lakini wengine kama 40 walitoka.

Nawafundisha wanafunzi wetu wauguzi kwamba katika ajali ya ndege kifo kinakuja mara mbili. Cha kwanza ni lile pigo lenyewe. Cha pili kinafuata nyuma yake: ni moshi, au maji, au damu inayomwagika bila mtu wa kuizuia. Hiki cha pili ndicho tunaweza kupigana nacho.

Juu ya pigo nitasema machache. Mkanda ufungwe chini, juu ya mifupa ya nyonga, na ukazwe sawasawa. Mama mwenye mimba aupitishe chini ya tumbo, si juu yake. Wakisema ndege inaanguka, inama, weka kichwa kwenye kiti kilicho mbele, mikono juu ya kichwa, nyayo chini kabisa. Mwaka wa 1989 ndege ilianguka Kegworth, Uingereza. Watu 47 wakafa katika 126. Waganga walichunguza majeraha ya vichwa na miguu ya wale waliopona, na kutoka hapo walijifunza mengi juu ya namna hii ya kuinama.

Na mtoto juu ya magoti? Mama zangu, hapa moyo wangu unauma. Mtoto wa kilo 10, pigo likiongeza uzito wake mara 9, anakuwa kilo 90. Ni nani ataweza kushika kilo 90 kwa mikono? Kama mna uwezo wa kumlipia kiti chake, na kiti cha mtoto chenye mikanda, afazali mfanye hivyo.

Sasa moshi. Siku ya 22 Agosti 1985, huko Manchester, ndege ilikuwa ingali chini, inakimbia ili iruke. Injini ikapasuka, moto ukashika. Ndege haikuanguka popote. Rubani aliisimamisha vizuri. Walakini watu 55 walikufa katika 137, na wengi wao hawakuuawa na moto bali na moshi. Vitu vya ndani ya ndege vikiungua, vinatoa hewa ya sumu. Mtu akiivuta kidogo tu, akili inachanganyikiwa, miguu inakufa, anaanguka njiani, na wenzake wanajikwaa juu yake. Ndiyo maana watengenezaji wa ndege wanapashwa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka katika sekunde 90, hata kama nusu ya milango imefungwa.

Sekunde 90 si nyingi. Kwa hiyo, ukiisha kukaa, kabla ndege haijaruka, hesabu viti kutoka pahali pako mpaka mlangoni, mbele na nyuma. Katika moshi hutaona kitu. Utapapasa viti kwa mkono. Jifunze namna ya kufungua mkanda: wa ndege unainuliwa kifuniko chake, si kubonyeza kama wa gari, na mtu mwenye hofu anasahau. Inama chini, kwa maana moshi unapanda juu. Vaa viatu vyako, na nguo za pamba kuliko nailoni, maana nailoni inayeyuka na kushika ngozi.

Na mzigo uache! Tunajua namna sisi tunavyosafiri: begi la biashara, viatu vya mtoto, franka za ndugu. Siku ya 2 Januari 2024 huko Tokyo, ndege ya watu 379 iligongana na ndege ndogo ikawaka moto. Wote 379 walitoka hai, na mizigo yao ikaungua ndani. Katika ile ndege ndogo, watu 5 kati ya 6 walikufa.

Maji yana neno lake. Mwezi wa Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini huko Komoro. Watu 125 walikufa katika 175. Wengi walikuwa wamejaza hewa jaketi la kuokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi liliwainua mpaka kwenye dari, wakashindwa kuzama ili wafike mlangoni. Livae, lakini ulijaze hewa ukiisha kutoka.

Sasa nageukia wale wasiokuwa na tikiti. Januari 1996, ndege ya mizigo ilishindwa kuruka Kinshasa, ikaingia katika soko la Type K. Zaidi ya watu 200 waliokuwa sokoni walikufa. Siku ya 15 Aprili 2008 huko Goma, ambako lava ya Nyiragongo ya 2002 ilikuwa imefunika sehemu ya njia ya ndege, DC-9 ilishindwa kuruka ikaingia katika nyumba za Birere. Watu karibu 40 walikufa. Abiria wengi walipona. Waliokufa zaidi ni watu wa kartie, waliokuwa kwenye kazi zao.

Basi jirani ndiye anayefika kwanza, kabla ya sisi waganga. Bukoba, Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani, wavuvi walifika mapema na mitumbwi yao. Watu 24 walipona katika 43. Lakini mahali penye mafuta yaliyomwagika, hapana kukaribia ili kuchota. Mnakumbuka Sange, Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na bidoni, na zaidi ya 200 waliungua wakafa.

Ukimkuta mtu karibu na moto, mvute atoke, hata kama shingo yake imeumia. Kama hakuna moto wala maji, usimvute. Shika kichwa chake kisitikisike, ngoja wa kukusaidia. Damu inayoruka, ikandamize kwa kitenge safi kwa nguvu zako zote, na usifungue kila mara kutazama. Jeraha la moto limwagie maji safi dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Hapana mafuta ya mawese, hapana dawa ya meno, hapana udongo. Mtoto usimwache alowe mwili wote, baridi itamwua.

Tena usikimbilie kwanza yule anayelia sana. Anayelia anapumua. Nenda kwa aliyenyamaza.

Kuna mmoja ambaye watu wanamsahau. Anatembea, anasema hana kitu, anataka kurudi nyumbani. Mtazame puani: je, nywele zimeungua? Mate yake ni meusi? Sauti inakwaruza? Moto umeingia kooni, na baada ya saa chache koo litavimba na kufunga njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, akiwa ameketi, pamoja na mtu wa kumwangalia njiani. Hapana kungoja asubuhi.