Hamira na Siri ya Virusi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya sayansi, nami nimechagua hamira, ile ile ya maandazi.

Kirusi hakina karakana. Hubeba maagizo machache, kikaingia katika seli na kutumia vyombo vya mwenye nyumba kujizidisha. Swali gumu ni hili: vyombo vipi? Seli ya mtu ina jeni zipatazo 20,000. Hamira ina kama 6,000, huongezeka maradufu kila dakika 90 hivi, na hutosheka na chakula cha bei ndogo.

Mwaka 1993 Paul Ahlquist na Michael Janda, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba kirusi cha brome mosaic, kinachoshambulia nyasi na shayiri, huweza kunakili RNA yake ndani ya hamira. Hakikuingia chenyewe; walikipachikia maagizo yake humo. Kufika 2003 kundi la Ahlquist lilikwisha pima aina kama 4,500 za hamira, kila moja imenyimwa jeni moja. Jeni karibu 100 zilionekana kugusa kazi ya kirusi: nyingine zikikosekana kinadhoofu, nyingine kinastawi.

Mfano ninaoupenda ni wa mafuta. Mwaka 2001 ilionekana kuwa hamira yenye kasoro katika jeni iitwayo OLE1 hukua karibu kama kawaida, lakini kirusi ndani yake kinakwama. Jeni hiyo huwezesha seli kutengeneza mafuta ya jamii ya yale yabakiayo majimaji chupani, yasiyoganda kama samli. Kirusi hunakili RNA juu ya utando wa ndani ya seli, na utando huo unayahitaji. Mafuta hayo yalipotiwa katika chakula cha hamira, kirusi kikarudi kazini. Tazameni: mwenye nyumba yu mzima, mwizi ameshindwa! Ndiyo maana wako wanaotafuta dawa za kuzuia vyombo vinavyoazimwa, maana kirusi hubadilika upesi na kuikwepa dawa inayokilenga chenyewe.

Kuna atakayeuliza, ugonjwa wa shayiri unatuhusu nini? Mitambo ya kunakili ya kirusi hiki ni ya ukoo mmoja na ile ya chikungunya, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, wenye jina la Kimakonde.

Sisemi hamira ni mtu. Haina damu wala mapafu. Linaloonekana humo sharti lipimwe tena katika mmea au seli ya mnyama.

Vijana, tieni hamira kidogo katika maji ya sukari yenye uvuguvugu, mweke tone chini ya darubini ya shule. Mtaziona seli zikichipua. Mwalimu wa Bayolojia amekubali kuwafungulia maabara Jumatatu.