MIEZI MIWILI KATIKA KIWANDA CHA KUCHAMBUA PAMBA

(Haya ni mazungumzo ya binti yetu, mwanafunzi wa uhasibu, mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Tafadhali usibandue karatasi.)



Mwenyekiti ameniomba nieleze niliyoyaona huko nilikokwenda kwa mafunzo ya vitendo. Mimi nasoma uhasibu. Nilitegemea nitapelekwa ofisini, penye meza na vitabu vya hesabu. Kumbe chuo kikanipeleka kiwanda cha kuchambua pamba, na mkuu wa kiwanda akaniambia, "Karani asiyeijua pamba atahesabu hewa. Anza mapokezi." Nikapewa kitambaa cha kufunga pua, nikaingia kazini.

Wazee wangu, mimi nimezaliwa kwenye pamba, nilidhani naijua. Sikuijua. Sisi hapa tunaijua mpaka kwenye mizani tu. Ikishapanda lori basi, tunakumbuka malipo.

Huko kiwandani pamba inavutwa kwa mabomba ya upepo mpaka kwenye mashine. Mashine ina rola iliyovikwa ngozi, na kisu. Rola inavuta nyuzi, kisu kinazuia mbegu, mbegu inaanguka chini. Nyuzi zinashindiliwa, zinafungwa kwa waya, yanatoka marobota, kila moja karibu kilo 200. Katika kilo 100 tunazouza sisi, nyuzi ni kama kilo 35 hivi. Nyingi ya zilizobaki ni mbegu. Mbegu inakamuliwa mafuta ya kula, na mashudu wanakula ng'ombe. Karibu kila kitu kina mnunuzi, ila maji na mchanga.

Wiki ya tatu likaja lori la kituo chetu. Nilifurahi kama nimeona ndugu. Nikamwambia fundi, mzee mmoja mpole sana, "Hii ni ya kwetu." Akaingiza mkono katikati ya gunia, akautoa, hakusema kitu. Akaniambia na mimi niingize. Juu pakavu, katikati pamelowa, na kucha zangu zikatoka na mchanga.

Ndipo akanifundisha. Pamba iliyotiwa maji ikilundikwa inapata joto, inageuka njano, na mbegu inaoza. Nyuzi mbichi zinang'ang'ania rola, mashine inasimama. Chumvi ndiyo mbaya zaidi, maana hata ukianika pamba inaendelea kuvuta unyevu wa hewani. Mchanga unakula visu. Jiwe dogo likigonga chuma linatoa cheche, na pamba kiwandani ni ya kushika moto mara moja. Moto ukijificha ndani ya robota unaweza kukaa siku kadhaa hauonekani. Na ile mifuko ya plastiki tunayovunia, uzi wake ukiingia kwenye pamba haunywi rangi. Nguo inatoka na mistari, na mnunuzi anaikataa.

Siku ile mashine ilisimama mara mbili. Vibarua wanalipwa kwa marobota yanayotoka. Mashine ikilala, na wao hawapati. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, "Binti, huko kwenu tumewakosea nini?"

Ndugu zangu, jibu nililijua, ila niliona aibu. Nilipokuwa darasa la tano, usiku wa kuamkia siku ya mizani, mimi ndiye niliyebeba ndoo ya maji. Baba yangu yupo hapa. Jana usiku nilimwomba ruhusa niliseme jambo hili. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Liseme. Lakini useme na sababu yake."

Sababu nazisema. Ya kwanza, tuliamini mizani inatupunja kilo, nasi tukazirudisha kwa maji. Ya pili, bei ya pamba safi na bei ya pamba fifi hazilingani, lakini kituoni kwetu zote zimekuwa zikiingia lundo moja. Aliyechambua siku tatu na aliyetia mchanga wanapata sawa. Sasa nani ataendelea kuchambua? Kwa hiyo kosa si la mkulima peke yake. Lipo pia mezani kwetu, kwa karani na kwa kamati.

Wazee mlituhadithia kwamba ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwa ajili ya mizani. Miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakajiunga, wakiongozwa na akina Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation. Wale hawakujibu mizani ya uongo kwa gunia la uongo. Walidai mizani ya haki, wakaisimamia wenyewe.

Nami, kwa heshima, naomba mkutano ufikirie mambo manne.

1. Mizani ijaribiwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana, mbele ya wakulima wawili, na karani aandike kitabuni.

2. Pamba safi na pamba fifi zipimwe mbalimbali, zilipwe mbalimbali, zikae mbalimbali.

3. Tuvune umande ukishakauka, tuanike kwenye chaga au shuka, tuchambue hukohuko nyumbani. Mifuko ya plastiki tuiache kabisa.

4. Kila gunia liingizwe mkono mpaka katikati kabla ya kupanda mizani, hata likiwa la mjumbe wa kamati, hata likiwa la baba yangu.

Najua kuna atakayesema, "Mtoto wa juzi anatufundisha pamba." Ni kweli mimi ni wa juzi. Kulima sitawafundisha, maana kulima nimejifunza kwenu. Ninachowaletea ni ile njia ya mbele ambayo hatuioni tukiwa huku. Gunia letu halifiki huko kimya. Lina alama ya kituo chetu, na fundi yule akiliona sasa anaingiza mkono kwanza ndipo anasalimia.

Mwakani chuo kitanipeleka tena kwa vitendo. Nikirudishwa kiwanda kilekile, nitaomba tena mapokezi. Nataka lori letu likifika niweze kusema, "Hii ni ya kwetu," bila kuangalia chini.



(Baada ya mazungumzo wanachama waliuliza maswali mengi, na wengine walipinga jambo la pili. Yote manne yatajadiliwa kikao kijacho, kabla ya msimu kufunguliwa. Njoo useme lako. — Mwandishi wa gazeti la ukutani)