Je, Waliomwangusha Bashir Ndio Walioleta Vita?



Juma lililopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja wa Temeke, mzee mwenye mwandiko mzuri wa shule za zamani. Anasema amechoshwa na habari za Sudan katika taarifa zetu, kisha anauliza swali ambalo nimekwisha kulisikia hata ndani ya daladala: wale vijana waliomwangusha Omar al-Bashir walipata nini? Si afadhali wangemwacha mzee wa watu na ile fimbo yake, wakanunua mkate kwa bei mbaya lakini wakalala salama?

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako halifai kujibiwa kwa hasira. Linajibiwa kwa tarehe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Vuguvugu lile lilishika moto tarehe 19 Desemba 2018 katika Atbara, mji wa reli, ambao vyama vyake vya wafanyakazi viliwasumbua hata Waingereza. Bei ya mkate ilikuwa imepanda kutoka paundi moja hadi tatu. Watu wakatoka barabarani, ofisi ya chama tawala ikateketea. Lakini mkate ulikuwa njiti ya kiberiti tu. Petroli ilikuwa imemwagika siku nyingi. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 iliondoka na karibu robo tatu ya mafuta, na wakubwa wa Khartoum waliona heri kubana mkate wa raia kuliko kubana fungu la askari na usalama.

Hawakuongozwa na wanasiasa maarufu. Walikuwa madaktari, walimu, wahandisi na wanasheria wa Umoja wa Wanataaluma, pamoja na kamati za vijana katika mitaa. Kilio chao kilikuwa maneno mawili: "Tasgut bas". Hiyo "bas", msikilizaji, ni "basi" yetu hii hii. Serikali ianguke, basi. Na waliposema wanataka "huriya, salaam wa adala", mtu wa pwani hakuhitaji mkalimani.

Tarehe 6 Aprili 2019 walifika mbele ya makao makuu ya jeshi, wakaketi. Siku hiyo hawakuiokota njiani. Ni tarehe 6 Aprili 1985 Jaafar Nimeiry alipoondolewa akiwa safarini, baada ya mgomo mkuu nchini. Na kabla yake, Oktoba 1964, Jenerali Ibrahim Abboud alitikiswa hadi akang'oka baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum waliokuwa wakijadili suala la Kusini. Majenerali watatu wameangushwa na umma katika nchi moja. Sioni nchi nyingi zinazoweza kusema hivyo. Ila kila mara askari walirudi: 25 Mei 1969, 30 Juni 1989, na mara ya tatu nitaieleza.

Hapa nina deni la kulipa. Tarehe 11 Aprili 2019 nilikuwa zamu studio. Habari zilipoingia kwamba Bashir amekamatwa baada ya miaka 30, nilisema hewani, kwa sauti ya furaha, kwamba umma wa Sudan umeshinda. Nilipotoka, mzee mmoja wa chumba cha habari, aliyeanza kazi enzi za kanda kubwa za kuzungusha, aliniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "tangazo limesomwa na nani?" Lilikuwa limesomwa na waziri wa ulinzi, akiwa katika sare zake. Sikuwa na jibu.

Tena hata huyo waziri hakuwa shina la tatizo. Aliondoka kesho yake, akaingia Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Shina lilikuwa mtu aliyesimama karibu naye, Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana kwa jina la Hemedti, mkuu wa kikosi kiitwacho RSF. Kikosi hicho kilitokana na wapanda farasi na ngamia wa Janjaweed, waliochoma vijiji vya Darfur kuanzia mwaka 2003. Mwaka 2013 Bashir aliwapa jina jipya na sare, mwaka 2017 akawapa sheria yao Bungeni, na mwaka huo huo wakayashika machimbo ya dhahabu ya Jebel Amir. Kwa nini amiri jeshi mkuu afuge jeshi la pili? Kwa sababu aliliogopa lile la kwanza. Mtawala wa mabavu halali usingizi mpaka awe na mbwa wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake. Kwa hiyo siku Bashir alipoondoka aliacha majeshi mawili, makamanda wawili na hazina mbili, na hakuna iliyokuwa mikononi mwa wizara ya fedha. Vijana wa Atbara walibomoa ukuta. Nyoka waliokuwa ndani hawakuwafuga wao.

Yaliyofuata unayakumbuka. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2019, Ramadhani ikiwa ukingoni, askari waliwavamia walioketi mbele ya makao makuu. Waliouawa walizidi mia moja, na maiti ziliopolewa kutoka mto Naili. Intaneti ikazimwa. Tarehe 30 Juni watu wakatoka tena kwa maelfu, bila intaneti ya kuitana, na hapo ndipo majenerali walipokubali kugawana madaraka na raia. Mchumi Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu.

Mwenye barua anasema hawakupata kitu. Walipata, mzee wangu. Sheria iliyowafanya wanawake wachapwe viboko kwa kuvaa suruali ilifutwa Novemba 2019. Ukeketaji ukawa kosa la jinai mwaka 2020. Desemba mwaka huo Marekani ikaiondoa Sudan katika orodha yake ya wafadhili wa ugaidi. Maisha yalikuwa magumu mno, sikatai. Mwaka 2021 mfumuko wa bei ulipita asilimia 300. Lakini serikali ya raia ilikuwa imeanza kuuliza habari za makampuni ya jeshi, na zamu ya raia kushika uenyekiti wa Baraza la Utawala ilikuwa imebakiza majuma machache. Tarehe 25 Oktoba 2021, Burhan na Hemedti wakapindua kwa pamoja.

Kwa pamoja, msikilizaji. Kisha wakagombana juu ya muda wa kuiingiza RSF katika jeshi. Mmoja alitaka miaka miwili, mwingine kumi. Tarehe 15 Aprili 2023 mizinga ikalia Khartoum. Katika ugomvi huo sioni mwandamanaji hata mmoja.

Na wenye fimbo ndefu wako nje. Dhahabu nyingi ya Sudan huishia Dubai. Umoja wa Falme za Kiarabu unatuhumiwa kuipa RSF silaha, nao unakanusha. Misri iko na jeshi. Nasi Afrika Mashariki tusijifanye wageni. Agosti 2010 Bashir, akiwa tayari anatakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, aliketi jukwaani Nairobi katika sherehe za katiba mpya. Februari 2025 RSF na washirika wake walitia saini mkataba wa serikali yao katika jiji hilo hilo.

Watu waliofukuzwa makwao na vita hii wamepita milioni kumi. Wengine wako Chad na Misri, wengine Kiryandongo, Uganda. Bomba linalopeleka mafuta ya Sudan Kusini hadi Port Sudan lilipopasuka mwaka 2024, fedha za Juba zilikatika, na makarani ambao tayari walikuwa wakidai mishahara wakazidi kusubiri.

Zile kamati za mitaa hazikufa. Vita vilipoanza, vijana wake wengi waligeuza orodha za maandamano kuwa orodha za wenye njaa. Wanaziita vyumba vya dharura: sufuria kubwa, kuni, dengu au maharage, na foleni ya watoto wenye bakuli. Wamekamatwa na jeshi, wamekamatwa na RSF, wengine wameuawa. El Fasher, mji uliozingirwa tangu Mei 2024 hadi RSF walipouteka Oktoba 2025, chakula kilipokwisha walipika mashudu ya karanga, yale wanayolishwa mifugo, wakayagawa kwa kikombe. Mashudu nayo yalipoadimika, majiko yakafungwa moja baada ya jingine.