Duka Kubwa Katika Mji Mdogo

Habari zinapoenea katika mji mdogo kwamba kampuni yataka kujenga supamaketi, watu hugawanyika mara moja. Wengine hufurahi, wengine huingiwa na hofu, na kila upande huwadhania wenzao kuwa hawana akili. Jambo hili limetokea katika miji mingi ya Kenya, na bado litatokea katika mingine. Kwa hiyo yafaa maneno ya pande zote yasikilizwe kwa utulivu, kisha yapimwe.

Wa kwanza kufurahi ni watu wa mshahara, kama walimu, wauguzi na makarani. Wao husema kwamba katika supamaketi bei imeandikwa, mzani ni wa haki, na mnunuzi hupewa risiti. Husema pia kwamba mtu hatalazimika tena kulipa nauli ya matatu kwenda mji mkubwa kila mwisho wa mwezi. Vijana nao hutazamia kazi ya kupanga bidhaa, ya kupokea fedha na ya ulinzi. Mkulima aliye karibu na mji huona kwamba amepata mnunuzi mmoja wa mayai, maziwa na mboga zake zote. Maneno haya yote yana ukweli, wala si haki kuyadharau.

Upande wa pili yuko mwenye duka dogo. Yeye hununua katoni chache, na kwa sababu hiyo hawezi kupewa bei anayopewa mtu anunuaye kwa malori. Lakini huwafanyia wenyeji kazi ambayo duka kubwa haliifanyi. Hufungua kabla ya mapambazuko na kufunga usiku. Huuza sukari robo kilo na mafuta ya kupima, kwa sababu anajua kwamba kibarua alipwaye kila jioni hana fedha za kununua lita nzima. Tena ana daftari la madeni, na jina la mtu likiandikwa humo watoto hula hata kama mshahara umechelewa. Mama mboga pia ana hofu yake. Hauchukii mlango mpya wa kioo, bali anajua kwamba mbele ya mlango huo askari wa mji hawatamruhusu kutandika gunia lake.

Hata hivyo liko jambo ambalo pande zote mbili husahau, nalo ni malipo ya wale waletao bidhaa. Supamaketi huuza kwa fedha taslimu leo, lakini mara nyingi humlipa aliyeleta mali baada ya siku 30, 60 au hata zaidi. Mathalan, mkulima apeleke trei 20 za mayai kila juma, kila trei kwa shilingi 350. Baada ya majuma manane, shilingi 56,000 zake zimo katika duka la mtu mwingine, bila faida yoyote, na huku kuku wake wanataka chakula kila siku.

Duka likianguka, fedha hizo huanguka pamoja nalo. Hayo si mambo ya kubuni. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Serikali, ilifunga milango yake mwezi wa Juni 2006 kwa uzito wa madeni, ikafunguliwa tena baadaye, na miaka iliyofuata ikarudi katika taabu ile ile. Nakumatt ilianzia Nakuru kwa biashara ya magodoro, ikaenea hata Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu. Mwezi wa Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Mwaka huo huo wa 2020 Tuskys nayo ilishindwa kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa. Wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi waliopeleka mali yao kwa mkopo hawakulipwa haki yao.

Basi je, wenyeji waikatae supamaketi? La. Anayetaka bei nafuu hana kosa, na mji usiobadilika hudumaa. Linalotakiwa ni kuweka masharti mapema. Katiba ya mwaka 2010 yahesabu ushiriki wa wananchi kuwa moja ya misingi ya utawala, na masoko na leseni za biashara yamekabidhiwa serikali za kaunti. Sheria ya Ushindani nayo ilirekebishwa mwaka 2016, na tena mwaka 2019, ili mnunuzi mwenye nguvu asimwonee muuzaji mdogo, na kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kumehesabiwa kuwa uonevu.

Kwa hiyo mkutano wa wananchi unapoitishwa, asikose mtu kwa kisingizio cha kazi. Na waliofika wasitosheke kupiga makofi au kupiga kelele. Waulize: Mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, na je, ahadi hiyo itaandikwa? Ni wenyeji wangapi watakaoandikwa kazi? Akina mama wa soko watapewa mahali gani, na je, wapita njia watapaona? Maji ya mvua kutoka paa kubwa namna ile yataelekezwa wapi?

Maswali hayo yana nguvu wakati kibali hakijatolewa. Kikishatolewa na ukuta ukasimama, mji hauna tena cha kujadiliana nacho. Na mnunuzi naye, hata atakapofurahia duka jipya, asimsahau kabisa mwenye duka aliyemwandikia deni wakati wa dhiki. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.